Jembe Lililolipa Karo: Historia ya Mwethya Katika Nchi ya Katangi

Katangi ni mojawapo ya wadi tano za kaunti ndogo ya Yatta, Kaunti ya Machakos. Nyingine ni Ndalani, Matuu, Kithimani na Ikombe. Anayefika huko mwezi wa Septemba atakuta vichaka vya migunga, mito ya mchanga mtupu, na punda wenye mitungi wakielekea mahali ambapo mchanga umechimbwa hadi maji yakaonekana. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na wakulima huziamini zaidi zile za mwisho wa mwaka kuliko zile za Machi. Zikikosekana misimu miwili mfululizo, ghala hubaki tupu, na haupiti muda mrefu kabla ya viti darasani kubaki vitupu pia. Ndiyo maana historia ya shule katika nchi hii haiwezi kuandikwa kando na historia ya udongo na maji. Watu waliojenga madarasa ni wale wale waliochimba matuta, na mara nyingi walifanya hivyo kwa utaratibu mmoja: mwethya, yaani kazi ya ujirani ambapo kila nyumba ya utui, yaani kijiji, hutoa mkono mmoja, leo kwako, kesho kwangu.

Wakamba huzipa njaa zao majina. Ya Ngomanisye ilipita kati ya 1897 na 1899, wakati reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa kutoka pwani, na iliua watu na mifugo kwa wingi hadi wazee wa baadaye wakaifanya alama ya kuhesabia umri. Mwaka 1961 ikaja Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, iliyoitwa hivyo kwa kuwa chakula kiliangushwa kutoka angani. Ile ya 1984 ikaitwa Nikw'a Ngwete: ninakufa na ninazo mkononi. Fedha zilikuwapo mfukoni, chakula hakikuwapo dukani. Nitarudi kwa njaa hiyo baadaye, kwa sababu iliwafundisha watu wa Yatta jambo ambalo hakuna mtaalamu aliyekuwa amewaambia.

Yatta haikuwa nchi ya mashamba hapo mwanzo. Ilikuwa malisho. Uwanda wa juu wa Yatta, ule ukingo mrefu wa miamba ya volkano unaofuata mto Athi kwa karibu kilomita 300, ulikuwa mahali pa kupeleka ng'ombe nyasi zilipokwisha kwenye vilima vya Iveti, Mbooni na Kangundo. Serikali ya kikoloni ikaitangaza ardhi hiyo kuwa ya Mfalme, na wafugaji wakajikuta wakiomba ruhusa na kulipa ili kulisha mahali walipolisha baba zao. Huku wamezuiwa upande wa Yatta na huku mashamba ya walowezi yakiwabana upande wa Nairobi, Wakamba walibaki na vilima vyao, mifugo ikajaa, na udongo ukaanza kuondoka na kila mvua.

Mwaka 1937 ofisa wa hifadhi ya udongo, Colin Maher, aliandika ripoti kuhusu Machakos iliyojaa kukata tamaa. Aliona nchi inayogeuka jangwa la mawe na watu wanaoteremkia katika ufukara usio na dawa. Dawa ya serikali ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu: ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya chini, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwa kimefunguliwa Athi River. Julai 1938 Samuel Muindi Mbingu na wenzake wa Chama cha Wanachama wa Ukamba wakawaongoza maelfu ya wanaume, wanawake na watoto kwa miguu hadi Nairobi, wakitaka kuonana na Gavana. Walikaa huko wiki kadhaa. Serikali ikarudi nyuma kuhusu mifugo, lakini Mbingu akapelekwa kizuizini Lamu, mbali na kwao.

Ninalitaja tukio hilo kwa sababu mara nyingi linasimuliwa kama habari ya siasa tu. Kwangu mimi lina maana nyingine pia. Maelfu ya watu hawasafiri kwa miguu hadi mji mkuu, wala hawalishani kwa wiki kadhaa, bila mpangilio. Mpangilio huo ulikuwa wa utui na koo, na mtu aliyezoea kuitwa kwenye mwethya alijua la kufanya alipoitwa Nairobi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali iligeuka kwenye matuta. Fedha zilikuja kupitia bodi iliyojulikana kwa ufupi kama ALDEV, na machifu wakalazimisha watu kutoka siku mbili kwa wiki kuchimba. Kazi ya kulazimishwa ilikuwa mbovu, na hata maafisa walilijua hilo: matuta membamba yalibomoka mvua ya kwanza. Mambo yalibadilika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya viliporuhusiwa kuchagua viongozi wao wenyewe, kuamua shamba la kuanzia, na kutumia njia ya fanya juu, ile ya kutupa udongo upande wa juu wa mtaro ili mvua zenyewe zisawazishe shamba. Wengi wa waliochimba walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume walikuwa jeshini, polisi, relini au Nairobi. Na wengi wa waliochaguliwa kuongoza walikuwa wanawake pia. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa 1952, lakini mama wa Ukambani aliyeshika jembe kwenye mstari wa mwethya alikuwa tayari na chama chake.

Siku ya mwethya hupangwa mapema na huanza kabla jua halijakali. Katibu huwa na daftari la shule lililopigwa mistari kwa rula, majina kushoto, tarehe juu. Asiyefika bila sababu hutozwa faini, na aliyefiwa au anayeuguza hasamehewi tu bali huendewa. Mawe hupita mkono kwa mkono, mchanga hubebwa kwa karai, na wimbo wa kuitikiana huweka mwendo wa majembe. Mchana mwenye shamba huleta isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na kila mtu hula papo hapo, chini ya mti. Daftari hilo la mahudhurio ni kitu kidogo, lakini nadhani ndilo lililozaa kamati za shule. Mtu aliyejifunza kuhesabu siku za kazi za majirani zake alikuwa tayari kuhesabu matofali na michango.

Shule zenyewe zilikuja na makanisa. Misheni ya Africa Inland ilianzia Ukambani mwaka 1895, huko Nzaui, chini ya Peter Cameron Scott, ambaye alifariki mwaka uliofuata. Kwa miongo kadhaa shule za misheni zilifundisha kusoma Biblia na kidogo zaidi, na wazazi wengi hawakuona haja ya kumwondoa mchungaji wa mbuzi kwenda kukaa chini ya paa la nyasi. Kilichowageuza ni mshahara. Mwana aliyejua kusoma alirudi kutoka jeshini au relini akiwa na fedha za kununua ng'ombe wa maziwa na plau. Ilipofika 1945 Simeon Mulandi na wenzake walianzisha kanisa la Africa Brotherhood Church, ABC, ambalo makao yake yako Mitaboni. Lilikuwa kanisa la Wakamba wenyewe, na elimu ilikuwa mojawapo ya sababu za kuanzishwa kwake: walitaka shule zisizosubiri idhini ya mzungu.

Wakati huohuo upande wa Yatta kulikuwa na kazi ya aina nyingine kabisa. Katika miaka ya Hali ya Hatari, wafungwa wa Mau Mau walichimbishwa mfereji wa Yatta, kilomita kama 60, unaotoa maji mto Thika na kuyaleta nchi kavu. Mfereji huo bado unatiririka na wakulima wa upande wa Matuu na Kithimani wanamwagilia kwa maji yake. Kila ninapofikiria habari za ushirikiano na maendeleo katika eneo hili, nakumbuka kwamba maji hayo yalichimbwa na watu waliokuwa chini ya bunduki, na sioni kama wamewahi kushukuriwa inavyostahili. Katangi haikufaidi mfereji kama majirani zake. Watu wake, wengi wakiwa wamehamia kutoka vilima vilivyojaa, walibaki kutegemea mvua na mchanga wa mito.

Uhuru ulipokuja Desemba 1963, Kenya nzima ilikuwa na shule za upili 151 na wanafunzi wapatao 30,000. Jomo Kenyatta akatoa wito wa Harambee. Kwa Wakamba wito huo haukuwa mgeni. Ulikuwa mwethya uliopewa bendera. Ndani ya miaka kumi shule za upili za Harambee zilizidi zile za serikali kwa idadi nchini, na Machakos ilikuwa kati ya wilaya zilizoongoza. Mwanasosholojia Philip Mbithi, ambaye baadaye alikuwa makamu wa chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliandika na Rasmus Rasmusson kitabu kizima kuhusu Harambee, kilichotoka 1977.

Shule ya Harambee ilianza hivi. Kamati ilichaguliwa kwenye baraza la chifu. Ukoo au kanisa lilitoa ardhi. Kila mzazi alipewa kiwango: mawe kadhaa, madebe ya mchanga, siku kadhaa za kazi. Matofali yalifyatuliwa karibu na mto msimu wa maji na kuchomwa kwa kuni zilizoletwa na wanawake. Kisha ikatangazwa siku ya mchango. Mgeni wa heshima alifika na bahasha, vikundi vya akina mama vilicheza, na waliokosa fedha walileta kuku, kibuyu cha asali au mbuzi, vikanadiwa pale pale. Kuku mmoja angeweza kununuliwa na kurudishwa mnadani mara kadhaa, kila mara akiongeza bati moja juu ya paa. Shule nyingi zilifunguliwa kuta zikiwa zimefika madirishani tu, na kidato cha kwanza kikasoma huku mafundi wakiendelea.

Ni lazima kusema pia kilichokuwa kibaya. Shule hizo zilikuwa na walimu wasiosomea ualimu, maabara hazikuwapo, na karo ilikuwa kubwa kuliko ile ya shule za serikali. Yaani maskini walilipa zaidi kwa kupata kidogo. Mwaka 1974 serikali ilipoondoa karo kwa madarasa ya kwanza manne ya msingi, watoto wa darasa la kwanza nchini waliruka kutoka takriban 380,000 hadi takriban 960,000. Madarasa yakafurika, na kamati zikaanzisha ada ya ujenzi ambayo mahali pengi ilizidi karo iliyofutwa. Watoto wengi walioingia Januari hawakuuona mwaka wa pili. Michango nayo ikawa jukwaa la wanasiasa, na kuna miaka ambapo wananchi walidaiwa mchango na chifu kama kodi, mwenye deni akichukuliwa kuku wake. Mwethya unaosimamiwa kwa vitisho si mwethya tena. Wakamba walikuwa wameshajifunza hilo kwenye matuta ya miaka ya 1940, na ilisikitisha kuona somo hilo likirudiwa chini ya serikali yao wenyewe.

Hata hivyo kulikuwa na mzunguko ambao watafiti waliugundua baadaye. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha mwaka 1994 utafiti wao juu ya Machakos kuanzia 1930 hadi 1990. Wilaya iliyokuwa na watu wapatao 240,000 mwaka 1932 ilikuwa na karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na vilima ambavyo Maher aliviona vikifa vilikuwa vimejaa matuta na miti. Walipiga picha kutoka mahali palepale zilipopigwa picha za 1937, na tofauti ilionekana kwa macho. Fedha zilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa zilitoka kwa watoto waliosomeshwa. Mwana aliyepata kazi Nairobi au Mombasa alituma fedha nyumbani, mama akalipa vibarua wa kuchimba matuta, shamba likazaa zaidi, na mazao yakamlipia karo mdogo wake. Mahindi ya Katumani, yaliyotolewa na kituo cha utafiti karibu na mji wa Machakos na kukomaa kwa miezi mitatu hivi, yalisaidia. Huko Wamunyu, jirani na Katangi, kulikuwa na kazi ya kuchonga vinyago iliyoletwa na Mutisya Munge, aliyejifunza kwa wachongaji wa huko alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Watoto wengi walisoma kwa fedha za vinyago vya twiga na vifaru.

Ila sifa hizo zinaihusu zaidi nchi ya vilima, yenye kahawa na iliyo karibu na Nairobi. Yatta ni kavu zaidi, na mzunguko ule ulikatika mara kwa mara. Nikw'a Ngwete ya 1984 iliukata vibaya. Mama aliyepokea fedha kutoka kwa mwanawe hakuwa na cha kununua sokoni, na aliyetegemea mbuzi aliwauza kwa bei ya kutupa, ikiwa hawakufa kwanza. Karo ya mwaka uliofuata iliondoka na mbuzi hao. Hapo ndipo watu walipoona kwamba fedha peke yake haikingi mtoto asiache shule. Inabidi maji yawe karibu na nyumbani.

Jawabu moja lilikuwa limeshaanza upande wa pili wa wilaya, Kola, ambako mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi kilichokuja kuwa Shirika la Maendeleo la Utooni. Kazi yao kubwa ilikuwa mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa juu ya mwamba kukata mto wa msimu. Mafuriko yanapokuja huleta mchanga na tope; tope hupita juu ya ukuta, mchanga mzito hutuama nyuma yake. Misimu michache ikipita, mto umejaa mchanga hadi ukingoni, na kati ya asilimia 25 na 40 ya ujazo huo ni maji. Jua haliyafikii, mbu hawazai humo, na mchanga huyachuja. Mabwawa ya kwanza ya aina hii Ukambani yalijengwa enzi ya ALDEV, lakini vikundi ndivyo vilivyoyaeneza.

Mgawanyo wa kazi katika mabwawa hayo ndio unaonivutia. Shirika la nje huleta saruji, chuma na fundi. Kikundi huleta mawe, mchanga, maji na mamia ya siku za jasho, na lazima kwanza kiwe kimechimba matuta kwenye miteremko inayoelekea mto. Asiyechimba hapewi saruji. Naamini ushirikiano wa namna hiyo ndio unaodumu, kwa kuwa mwenyeji anafika mezani akiwa ameshatoa sehemu yake. Nimeona mambo ya kinyume pia mahali pengi: tangi la maji lenye bango kubwa la mfadhili, bomba limekatika, na hakuna anayejua nani alitunze kwa sababu hakuna aliyewahi kubeba jiwe lake.

Kuna hesabu rahisi hapa inayohusu shule moja kwa moja. Msichana anayetumwa mtoni kwa mwendo wa saa tatu kwenda na kurudi hufika darasani amechoka, au hafiki. Bwawa likiwa nusu saa kutoka nyumbani, amepata asubuhi yake. Kandokando ya bwawa mama yake anaotesha sukuma wiki na nyanya, anauza soko la wiki, na chama cha akina mama kinamkopesha cha kuanzia muhula. Katika miaka ya 1970 na 1980 vyondo vya katani vilivyosukwa njiani, mtungi ukiwa mgongoni, viliuzwa hadi Ulaya na Marekani, na fedha hizo zilikwenda zaidi kwenye sare, madaftari na karo.

Mwaka 2003 serikali ya Mwai Kibaki iliondoa karo ya msingi kwa madarasa yote, ikapeleka shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Wanafunzi wa msingi nchini waliongezeka kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka huohuo ukaanzishwa Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge, na sheria ya maadili ikawakataza watumishi wa umma kuongoza michango. Mwaka 2008 ikaja ruzuku ya shule za upili za kutwa. Madarasa ya mawe yenye maandishi ya mfuko huo yakaota kila mahali Yatta, bila mzazi kubeba hata debe la mchanga. Ni faraja kubwa, na yeyote aliyeuza mbuzi wa mwisho kwa ajili ya ada ya ujenzi ataniunga mkono. Lakini katika miaka hiyo hiyo mazoea mengine yaliingia. Ukame wa 2008 na 2009 ulipobana, watu walipanga foleni kusubiri mwolyo, chakula cha msaada, na wengine wakazoea kukisubiri kila msimu.

Hapo Askofu Titus Masika wa Christian Impact Mission, mwenyeji wa Yatta, alianzisha mwaka 2009 kampeni aliyoiita Operation Mwolyo Out. Hakuleta saruji wala chakula. Aliwakusanya watu kwa vikundi, wakazunguka nyumba kwa nyumba wakichimba vidimbwi vya kuvuna maji ya mvua, kila boma na chake. Ulikuwa mwethya wa mababu, umefufuliwa na mchungaji, kwa jembe na koleo. Familia zilizokuwa kwenye foleni ya mwolyo zikaanza kuuza mboga na matunda, na vikundi kutoka kwingineko Kenya vikaja kujifunza. Pale Wamunyu nako, shirika la Kenya Connect limefanya kazi na shule za eneo hilo kwa vitabu na kompyuta, likiongozwa na watu wa hapo hapo. Katika mifano yote miwili mwenyeji ndiye anayeshika usukani.

Tangu 2013 chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa kaunti, na Januari 2023 sekondari ya chini ilianzia ndani ya shule za msingi. Kwa wazazi wa Katangi maana yake ni kwamba mtoto wa darasa la saba anahitaji maabara katika kiwanja ambacho hadi jana kilikuwa na madarasa ya msingi tu. Wameitwa tena mikutanoni, na najua wataitika, maana hawajawahi kukataa jiwe wala mchanga. Lakini darubini, kemikali na mwalimu wa sayansi havipatikani mtoni. Mwalimu huajiriwa na Tume ya Kuajiri Walimu iliyo Nairobi, na jamii inaweza kumjengea nyumba, kumchotea maji na kumpa shamba la kulima, isiweze kumwajiri kwa mshahara wa kumtosha. Mzazi wa Yatta ametimiza sehemu yake kwa zaidi ya miaka sabini, kwa jembe, kwa chondo na kwa mbuzi. Anachodai leo ni mwalimu wa fizikia.